Kiangazi Nilichokamua Farasi

Juni 3
Nyuzi joto nne asubuhi, upepo wa magharibi, theluji bado imeng'ang'ania kivulini. Tumefika malishoni salama. Hema limesimama kabla ya mchana. Mke wangu Zuura kanipigia kelele kwamba mlango nimeuelekeza upande mbaya. Mlango uko palepale ulipokuwa mwaka jana na mwaka juzi.

Mwaka huu tuko watatu tu. Mwanangu Ulan yuko Urusi, anajenga maghorofa ya watu. Mkewe Meerim yuko nasi, ana mimba ya miezi mitano. Mwaka jana alipoteza mimba akiwa hukuhuku juu, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo lile.

Meerim hasemi nami. Si ugomvi, ni adabu. Kwetu mke wa mwanao hakusemeshi moja kwa moja, hakupi mgongo, hatamki jina lako. Akiwa na neno humwambia Zuura, na Zuura huniambia mimi, hata kama wote watatu tumekaa kwenye mkeka mmoja. Wapo walioacha siku hizi. Sisi hatujaacha. Sauti yake naijua kwa kumsikia akiwabembeleza farasi.

Juni 5
Nyuzi sita. Anga safi. Nilipokuwa kituo cha hali ya hewa tuliandika hivi kila siku, na mkono hautaki kustaafu.

Juni 9
Mvua. Zuura anasema goti lake limeitabiri vizuri kuliko mimi.

Juni 14
Nyuzi saba, mawingu mazito kusini, mvua baada ya adhuhuri.

Leo nimempeleka Meerim kwa daktari. Ilikuwa aende na Zuura, lakini farasi wanataka kukamuliwa kila baada ya saa mbili, na lile goti halielewani na gari langu. Daktari amekuja na mashine ya ultrasaundi, amepiga hema pale mito miwili inapokutana. Muuguzi alituma neno mapema: mjamzito anywe bilauri mbili tatu za maji, asiende haja mpaka apimwe. Zuura alimnywesha mwenyewe kabla hatujaondoka.

Njiani kuna mahema ya jirani. Mtu hapiti hema la jirani bila kushuka, awe na haraka ya namna gani. Kwa Temirbek tukapewa kimizi, yale maziwa ya farasi yaliyochacha. Kwa shemeji yake, kimizi. Kwa wajane wawili wa ng'ambo ya daraja, kimizi tena na mkate wa moto. Bakuli likishafika mkononi hulirudishi na kitu ndani. Meerim alikunywa kila alichopewa, macho chini, hakukataa hata bakuli moja. Nilijisikia fahari. Nikasema, huyu hatutii aibu.

Tulipofika foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamekaa chini kwa mstari mpaka mtoni. Nikakaa na wanaume, tukaongea mambo ya kwato. Meerim alingoja kimya, amekunja mikono tumboni. Zamu yake ilipofika jenereta lilikuwa linakohoa na mvua imeanza.

Alipotoka alinipita kama upepo, hakuinama hata kidogo, akakimbilia nyuma ya miamba. Nikaona moja kwa moja: ameambiwa jambo baya, kaenda kulia.

Daktari akanifuata. Anaitwa Perizat, mfupi, kijana, viatu vya mpira mpaka magotini.

"Wewe ndiye baba mkwe?"

"Ndiye."

"Kaa, Mzee."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

Akasema mtoto ni mzima, moyo unapiga vizuri, ukubwa wake ni wa miezi yake. Ila kondo la nyuma limekaa chini kabisa, linaonekana kuuziba mlango wa kizazi. "Sasa mtoto atapita wapi? Likibaki hapo itabidi apasuliwe. Na kabla ya siku hiyo anaweza kutoka damu, nyingi, bila onyo. Huko juu mna hospitali?"

"Nipo mimi na farasi."

"Hicho ndicho ninachokiogopa." Akanipa masharti: asipande farasi, asibebe ndoo, asikamue, asitikiswe na gari. Tukiona damu hata tone, tumshushe hospitali saa ileile. "Usikate tamaa lakini. Mara nyingi kizazi kikikua, kondo nalo huvutwa juu. Mwezi wa nane nitakuja mwenyewe kwenu na mashine ndogo."

Sikutaka kuondoka na maneno hayo tu. Nikamuuliza hiyo mashine inaonaje ndani ya tumbo, gizani.

"Haioni, Mzee. Inasikiliza. Ukiwa kwenye ukungu na hujui genge liko umbali gani, unafanyaje?"

"Napiga ukelele, nasikiliza unavyorudi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kile kidude ninachompitishia tumboni kinapiga sauti, kali mno, sikio haliisikii. Ikigonga mfupa inarudi na nguvu, mfupa unaonekana mweupe. Ikipita kwenye maji hairudi, maji yanaonekana meusi. Mashine inapima kila mwangwi umechukua muda gani, inachora. Ile dawa ya ubaridi ninayopaka ni ya kufukuza hewa tu, maana hewa huizuia sauti kuingia. Hakuna mionzi, hakuna sindano, huumii. Unalala, unapakwa, unaminywa kidogo, unafutwa, basi."

Nimeirudia njia ile kwa mwendo wa jeneza. Meerim alikaa kiti cha nyuma. Hatukusemezana, bila shaka.

Juni 15
Nyuzi tano, jua. Farasi wanataka mikono miwili zaidi. Kwetu mwanamume hushika kitoto cha farasi, mwanamke ndiye anayekamua. Zuura kapiga goti moja, la pili likagoma, akabaki pale chini akicheka na kulia. Nikachukua ndoo.

Temirbek alikuwa anapita na kondoo. Akasimamisha farasi wake makusudi.

"Enhe! Mama Ulan, umepata mkamwana mpya? Mbona ana ndevu?"

"Ana ndevu lakini mvivu," Zuura akamjibu.

Meerim alikuwa mlangoni, amekaa kama tulivyomwamuru, uso umemwiva kwa haya. Nikasikia anamnong'oneza Zuura. Zuura akapaza sauti: "Mkweo anasema umekaa upande siyo. Yule jike mwekundu atakupiga."

Nikajibu kwamba nimekaa na farasi tangu kabla hajazaliwa.

Juni 16
Mwekundu kanipiga.

Juni 22
Nyuzi nane. Maji nachota mimi, kuni napasua mimi, mifuko ya ngozi ya kimizi natikisa mimi. Zuura anapika na kutoa amri. Kila asubuhi namwangalia usoni Meerim anapotoka: akiwa na rangi, naenda kukamua. Hilo ndilo pimo langu la kwanza siku hizi, kabla ya upepo.

Julai 2
Temirbek kaja na kamba za ufumaji, kazi ya wanawake kwetu, ati zawadi ya bibi harusi. Nimemfukuza. Kamba nimebaki nazo.

Julai 9
Siku mbaya, naiandika yote.

Asubuhi nyuzi tisa, hakuna upepo, na hilo lilinitia wasiwasi. Kabla ya mchana mawingu meusi yakashuka mgongoni mwa mlima. Nikamwambia Zuura afunge hema, nikatoka kuwaingiza majike. Mvua ya mawe ikanikuta mbali. Yalikuwa mawe haswa, ya kumtoa mtu damu. Majike wakakatika mbio. Nikageuka nyuma, nikamwona Meerim yuko nje, amewafungua vitoto vya farasi kwenye kamba yao ndefu, amekibeba kimoja kilichoanguka. Amekibeba mikononi! Kitoto cha farasi, na tumbo lile!

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. Sikumpitia Zuura, sikumtafuta mtu wa katikati. Nilisema, "Weka chini! Una wazimu? Unataka kutuua?"

Akakiweka chini. Akanitazama machoni, kitu ambacho hajafanya siku zote, halafu akaingia ndani.

Nilipoingia alikuwa amelala kwa ubavu, amelipa kisogo hema zima, mabega yanatikisika. Zuura hakunionea huruma. "Miaka miwili hujampa neno, la kwanza ndilo hilo?"

"Ningefanyaje? Nimkumbushe kwa barua?"

"Toka nje, Asankul. Ukanyeshewe."

Nikatoka, nikakaa chini ya gari. Barabara ilikuwa imekwisha kuwa mto. Niliupima kwa macho ule mto na kujua gari halivuki. Kama damu ingetoka saa ile, tungemshika mkono tu, kama mwaka jana, tumtazame. Niliogopa. Naandika wazi kwamba niliogopa.

Mvua ilipokata Zuura alinifuata. "Hakuna damu," akasema. "Nimemkagua mara tatu. Hakuna."

Sikuweza kusimama haraka. Akanipa mkono, mwenye goti akamwinua mwenye miguu mizima.

Jioni Meerim alinimiminia chai. Bakuli limejaa nusu tu, maana kwetu kikombe kisichojaa ndicho cha heshima, huonyesha mtu anataka uendelee kukaa. Kikikwisha akaongeza. Kikikwisha akaongeza. Nikaelewa kwamba hasira imepita, nikanywa mpaka tumbo likaniuma.

Julai 10
Nyuzi sita. Hakuna damu. Kitoto cha farasi kiko hai.

Julai 11
Hakuna damu.

Julai 20
Nyuzi kumi. Nimepanda kilima ambacho simu inashika. Ulan anataka kuacha kazi arudi. Nikamwambia akirudi sasa tutamlea mtoto kwa pesa gani, abaki mpaka vuli. Akauliza, "Ni kweli unakamua farasi, Baba?"

"Nani kakuambia?"

"Temirbek kanitumia picha."

Julai 31
Nimejua siri ya mwekundu. Ukimwimbia, hapigi. Naimba ule wimbo ambao Meerim alikuwa akiwabembelezea farasi, maneno siyajui yote. Leo nilipokwama kwenye ubeti, sauti ikaumalizia kutoka ndani ya hema. Sikugeuka. Nikaendelea kukamua.

Agosti 9
Nyuzi kumi na moja, anga safi toka asubuhi mpaka jioni. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu, wala sizungumzii anga.

Nilimfuata Daktari Perizat kwa gari, amepakata mashine iliyofanana na mkoba wa karani. Alipofika hakutaka chai kwanza, jambo ambalo Zuura hajamsamehe. Akamuuliza Meerim mbele yangu, wazi kabisa, kama ameenda haja. Meerim akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikatoka nje mbio.

"Nenda kwanza, ukajisaidie," nikasikia nyuma yangu. "Leo nataka kibofu kiwe karibu kitupu."

Baba mkwe haingii mahali kama pale, kwa hiyo nikasimama upande wa pili wa ukuta wa sufu, kofia mkononi. Sufu haizibi maneno. Nikamsikia Meerim akishtuka kwa ubaridi wa ile dawa, Zuura akiuliza hiki cheusi nini, daktari akisema ni maji anamoogelea mtoto. Nilikuwa namtazama mwewe juu ya mlima ili nisiwe naangalia popote. Kondo liko wapi? Nani atanambia?

"Liko juu," daktari akasema. "Juu kabisa, limejibandika kwenye ukuta wa nyuma. Mlango haujazibwa na kitu. Mama, tazama mwenyewe." Halafu, kama mtu anayejisemea: "Haliwezi kupanda namna hii kwa wiki nane. Dada, siku ile ya Juni ulikuwa umekunywa nini?"

Mnong'ono. Mnong'ono mrefu, kwa Zuura.

"Anasema maji ya hapa nyumbani," Zuura akatangaza, "halafu kimizi kwa Temirbek, kimizi kwa shemeji yake, kimizi kwa wajane…" Akaendelea mpaka mtoni.

"Na hukwenda haja hata mara moja? Toka asubuhi?"

Mnong'ono.

"Angekwendaje?" Zuura akasema. "Alikuwa na mzee! Amwambie baba mkwe, samahani simamisha gari nikakojoe?"

Daktari akacheka, kisha akaacha ghafla. Akanieleza baadaye, tukiwa kwenye chai ambayo mwishowe aliikubali. Kibofu kikijaa kiasi ni dirisha zuri, sauti inapita kwenye maji bila kizuizi. Kikijaa kupita kiasi kinakigandamiza kizazi sehemu ya chini, kuta zake za mbele na nyuma zinakutana, na kondo lililo mbali linaonekana limekaa mlangoni. "Dawa yake ni kumtoa akajisaidie, umpime upya. Ninajua hivyo. Siku ile jenereta lilikuwa linazima, nikaogopa kumwachia bila onyo. Kosa ni langu, Mzee."

"Kosa ni la bakuli," nikasema. "Na la mtu aliyesimama kila hema."

Kiangazi kizima. Yule binti alikaa garini siku ile na uchungu wa kibofu, akashuka kila nilipomshusha, akanywa kila alichopewa, kwa sababu mimi nilikuwa naona fahari. Halafu akakalishwa kitako miezi miwili akingoja kufa. Na sababu ya yote ni kwamba baina yetu hapakuwa na njia ya neno dogo kama lile.

Lakini sijamaliza. Nikiwa bado pale nje, kabla ya chai, nilisikia Meerim akisema, si kwa mnong'ono: "Daktari, hiyo sauti ya moyo, unaweza kuiongeza?" Kisha Zuura akaufungua ule mlango wa sufu, akaukunja juu, huku mimi nikiangalia mlima kama inavyotakiwa. Ikatoka sauti ya mwendo wa haraka, kwato za kitoto cha farasi kwenye nyasi mbichi. Daktari anasema ni mashine inaugeuza mwendo wa damu kuwa mlio tunaousikia. Sawa, na iwe hivyo. Nilivaa kofia, nikaivua, nikaivaa tena.

Agosti 10
Nyuzi kumi. Meerim ameamka mapema, amechukua ndoo. Nikamwambia Zuura amwambie airudishe. Zuura akasema mwambie mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe, taratibu safari hii: "Mwanangu, wiki chache zilizobaki niachie. Mwekundu amenizoea."

Akainama. Ndoo akairudisha.

Agosti 27
Umande wa barafu. Temirbek kakamua leo badala ya mkewe anayeumwa jino. Nimesimamisha farasi wangu makusudi.

Septemba 12
Nyuzi sifuri alfajiri, ukungu, baadaye jua. Tumeshuka. Daktari anataka Meerim awe karibu na hospitali kabla ya njia kufunga.

Nilipanga jambo moja tangu jana. Kwa Temirbek walikuwa wamesimama njiani na bakuli na mkate, mke, watoto, wote. Nikapunguza mwendo, sikusimama. Nikatoa mkono dirishani, nikamega kipande cha mkate wao, nikakigusisha mdomoni, maana kwetu hata huko ni kuonja, nikasonga mbele.

"Asankul!" Temirbek akapiga kelele nyuma. "Umekuwa waziri?"

Nikafanya vilevile kwa shemeji yake. Kwa wajane mmoja alikimbia kando ya gari na bakuli lake, mwaka wake wa sabini huo, na Zuura akalichukua, akalinywa peke yake mpaka chini.

Baada ya daraja nikasema, macho barabarani, "Mwanangu, gari hili limezeeka lakini breki linazo. Ukitaka lisimame, sema. Usimwambie mama yako aniambie. Sema wewe."

Tukapita mteremko, tukapita malisho ya juu ya wenzetu, tukakaribia mto. Nikaona nimeomba kitu kikubwa mno. Miaka yote amefundishwa vingine, na mama yake, na sisi.

"Baba."

Nilidhani ni Zuura ananitania.

"Baba, simamisha gari."

Nilikanyaga breki mpaka birika likaruka kutoka miguuni mwa Zuura. Meerim akashuka, akaenda zake nyuma ya vichaka bila haraka, amejishika kiuno. Nami nikashuka upande wa pili, nikageukia mlima, nikayatazama mawingu kwa makini kama nimeagizwa na kituo. Yalikuwa membamba, ya juu. Yakaanza kuwa na maji maji, lakini tatizo lilikuwa machoni mwangu.

"Twende, Baba," akasema aliporudi.

Kabla ya kufika mjini alinisimamisha mara nne zaidi. Mara ya mwisho nadhani hakuwa na haja yoyote. Alishuka, akanyoosha miguu, akatazama mto, akarudi anatabasamu.

Oktoba 17
Nyuzi moja chini ya sifuri. Theluji ya kwanza, nyembamba, hakuna upepo.

Nimekaa peke yangu na mifugo. Zuura yuko hospitali tangu juzi, Ulan bado yuko njiani kutoka Urusi. Simu ikalia nikiwa zizini, jina lake, nikashika kwa mkono wenye maziwa.

"Baba, nina habari njema." Haikuwa Zuura. "Utanipa nini?"

Kwetu anayeleta habari njema hudai zawadi kabla ya kuisema, na huwezi kubania. "Mwekundu," nikasema. "Chukua mwekundu."

Akacheka, sauti imechoka. "Huyo anapiga mateke, Baba."

"Ukimwimbia hapigi. Wimbo ni wako mwenyewe, au siyo? Sema basi, unaniua."

"Binti. Amepita njia yake mwenyewe, hawakunikata. Mama analia hapa hawezi kuongea, ndiyo maana napiga mimi."

Kisha akasema ngoja, na nikasikia nguo zikisugua simu. Nikaegemea farasi. Akaja mtoto, analia kwa hasira, sauti nene, bila ukuta wa sufu, bila mashine yoyote katikati.

"Umesikia, Baba?"

"Nimesikia, mwanangu. Theluji inaanguka huku. Ngoja niandike."